Bei ya zamani ndani ya simu

Mwenzetu mmoja alipanda kutoka Manguredjipa na gramu 7 za zahabu ndani ya kikaratasi. Kufika Butembo, mbele ya kuingia kwa mnunuzi, akafungua kwenye simu ukurasa wa sindika yetu, pale tunaandikaka bei. Akaangalia, akauza. Jioni bibi yake akafungua ukurasa ule ule kwenye simu yake: dola 4 zaidi kwa kila gramu. Dola 28 zimepotea. Mama akakuja kwangu na hasira: "Kaka, ninyi njo munatutetea ao munatuuzisha?"

Mnunuzi hakudanganya siku ile (siku zingine ni mambo ingine). Simu ya bwana njo ilionyesha bei ya siku 6 nyuma.

Kijana mwenye kututengenezea ukurasa alitueleza. Simu inatunzaka kopi ya vitu ilikwisha kushusha, ili isikule mega mara mbili. Skripti ya ukurasa wetu inaenda kutafuta faili ya bei, na anwani ya ile faili haibadilikake. Basi simu inasema: hii niko nayo. Inatoa ya stoki. Kuzima simu na kuiwasha hakusaidie, juu kopi inabaki.

Kwanza aliweka amri ya kupakia ukurasa upya kwa nguvu. Firefox inasikia ile amri, lakini Chrome hailijali lile neno la nguvu. Kisha akaongeza mkia kwenye anwani: alama ya kuuliza na saa ya sasa, yenye kompyuta inahesabu kwa milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Anwani inakuwa mpya kila mara, simu inalazimika kwenda kuchota.

Dawa ni nzuri, ila mimi nilikataa isiwekwe kwa kila kitu. Mtu wa chimbo anapanda kilima kutafuta rezo, na mega anazinunua na jasho. Picha zibaki stoki! Kwa faili ya bei peke yake, skripti sasa inaandikwa cache: "no-cache", maana yake: uliza seva kwanza kama imebadilika. Kama hapana, seva inajibu 304, namba tu, na kopi inatumika. Kama rezo hakuna, bei ya zamani inatoka, lakini na tarehe yake kwa namba kubwa.

Muangalie ile tarehe, wandugu. London inatoa bei mara 2 kwa siku ya kazi, kwetu saa sita na nusu mchana na saa kumi na moja jioni, ao saa moja mbele wakati Ulaya imesogeza saa zao. Ile bei ni ya wansi, gramu 31.1 za zahabu safi. Yetu haijasafishwa, basi musitegemee kupata yote.

Zile dola 28 tulizitoa kwenye kasha ya sindika. Wamoja walinung'unika, na mpaka leo wananung'unika.