Bibi Zohra Sehgal, Mwigizaji wa Jukwaa na Televisheni

Litajwapo jina la mwanamke mwigizaji katika nyumba zetu, aghalabu wazee hukunja uso na vijana hutega masikio. Hatukusudii katika ukurasa huu kuamua baina yao. Twataka kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya bibi mmoja aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu huko Bara Hindi, akadumu katika kazi ya uigizaji muda wa miaka sitini na zaidi, ili kila mtu apime mwenyewe lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

Bibi huyu alizaliwa Saharanpur tarehe 27 Aprili 1912, katika ukoo wa Wapathani wa Rampur, akaitwa Zohra Mumtazullah Khan. Alipokuwa angali mtoto mchanga, maradhi yalilipofusha jicho lake la kushoto. Mama yake naye alifariki mapema, lakini aliacha wasia kwamba binti zake wasomeshwe. Wasia huo ulitimizwa: Zohra alipelekwa Lahore, katika Chuo cha Queen Mary, mahali ambapo mabinti wa watu wenye heshima walisoma nyuma ya pazia, wasionekane na wanaume.

Mwaka 1930 ulipofika, mjomba wake aliyekuwa akiishi Uingereza alimchukua safari ya motokaa. Walipita Iran, Palestina na Syria, wakafika Misri, na kutoka Alexandria wakapanda meli kwenda Ulaya. Zohra akaingia Dresden, nchi ya Ujerumani, katika shule ya ngoma ya Mary Wigman, akasoma miaka mitatu. Mwaka 1935 alijiunga na kundi la Uday Shankar, akazunguka nalo Japani, Misri, Ulaya na Marekani. Baadaye alifundisha katika chuo cha bwana huyo huko Almora. Huko ndiko alikokutana na Kameshwar Sehgal, kijana wa dini ya Kihindu, wakaoana Agosti 1942. Wazee wa pande zote mbili hawakuridhika kwanza, kisha wakakubali. Jambo hili hatulifichi, wala hatulipambi; sheria yetu juu yake i wazi, na kila mzazi aijua.

Mwaka 1945 Zohra aliingia katika kundi la Prithvi Theatre la Bombay, lililoanzishwa na Prithviraj Kapoor, kwa mshahara wa rupia 400 kwa mwezi. Mdogo wake, Uzra, aliyezaliwa 1917, alikuwa amekwisha kutangulia humo, naye ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu wa kike. Ndugu hao wawili walitembea na kundi lile mji kwa mji, kwa garimoshi. Na kila mchezo ulipokwisha, Bwana Kapoor husimama mlangoni na kitambaa mkononi, watazamaji watie sadaka kwa ajili ya wenye shida.

Katika michezo yao mmoja uliitwa Deewar, yaani Ukuta. Ulichezwa mara ya kwanza 1945, ukionyesha nyumba ya ndugu inayogawanywa kwa ukuta katikati kwa sababu ya fitina ya wageni. Yapata miaka miwili baadaye, Bara Hindi nalo likagawanywa: Agosti 1947 zikawa nchi mbili, India na Pakistan. Mamilioni ya watu walihama makwao, na damu nyingi ikamwagika. Zohra na mumewe, waliokuwa wamefungua shule ya ngoma Lahore, walikuwa wamekwisha kuhamia Bombay kabla ya mgawanyo ule.

Ukuta uliokuwa mchezo ukaja ukaingia nyumbani mwao. Mwaka 1959 mume wa Zohra alifariki, akamwachia watoto wawili. Mwaka 1960 Prithvi Theatre ilifungwa. Mwaka 1964 Uzra na mumewe walihamia Pakistan, na huko muda mrefu hakuonekana jukwaani. Mmoja akawa upande huu wa mpaka, na mwenziwe upande ule. Na baina ya nchi hizo mbili kulikuwa na vita, na ruhusa ya kuvuka ilikuwa tabu kuipata.

Zohra mwenyewe alikwenda London 1962, naye ana umri wa miaka hamsini. Vijana wetu na wazingatie hapa. Bibi aliyekwisha kushangiliwa katika miji mikubwa ya dunia hakuona haya kufanya kazi ya kuwavika nguo waigizaji wengine katika jumba la Old Vic. Alipopata nafasi katika televisheni ya BBC, alipewa visehemu vidogo: katika Doctor Who ya mwaka 1965 aliigiza katika kisa cha Vita vya Msalaba, zama za Sultani Salahuddin. Alivichukua vidogo hivyo kwa uangalifu ule ule ambao wengine huuweka kwa vikubwa. Miaka karibu ishirini ikapita hivyo. Ndipo 1984 alipoigiza kama Lady Chatterjee katika The Jewel in the Crown, na jina lake likajulikana katika kila nyumba ya Uingereza. Wakati huo alikuwa amekwisha kupita miaka sabini.

Lakini jambo tunaloliona kubwa kuliko yote lilitukia 1993. Uzra alikuwa amerudi jukwaani miaka ya 1980, katika kundi la Ajoka la Lahore. Mwandishi wa kundi hilo, Shahid Nadeem, akatunga mchezo juu ya mabibi wawili waliotenganishwa na mpaka, akauita Ek Thi Nani, yaani Palikuwa na Bibi. Zohra akavuka mpaka. Katika mji ule ule waliosomea utotoni, ndugu hao wakasimama tena juu ya jukwaa moja, mmoja ana miaka themanini na mmoja, na mwenziwe sabini na sita. Ilikuwa imepita miaka thelathini na zaidi.

Serikali ya India ilimpa Zohra nishani ya Padma Vibhushan mwaka 2010, na mwaka huo huo Uzra alifariki Lahore. Zohra alifariki Delhi tarehe 10 Julai 2014, akiwa na miaka mia na miwili. Alikuwa amekwisha kusema waziwazi uzeeni kwamba yeye si mtu wa dini; basi hatumweki mbele ya mabinti zetu awe kiongozi wao katika imani, na hukumu yake tunamwachia Mola wake.

Hata hivyo, mambo mawili katika maisha yake twaweza kuyapokea bila shaka. La kwanza ni wasia wa yule mama aliyetaka binti zake wasome. La pili ni kuunga udugu, jambo ambalo dini yetu imelisisitiza mno. Wengi miongoni mwetu wana ndugu ng'ambo ya mpaka, au mtaa wa pili tu, ambao hawajasalimiana nao kwa miaka. Ajuza wa miaka themanini na mmoja, mwenye jicho moja, alisafiri kumfuata mdogo wake. Sisi tulio na afya tuna udhuru gani?