Vali Kwanza, Simu Baadaye

Vidhibiti vya kumwagilia bustani vinavyoamrishwa kwa simu vilibuniwa kwa ajili ya nyasi za Marekani na nchi zinazofanana nayo, ambako bomba lina maji usiku na mchana, presha inatosha kurusha maji mbali, na stima haikatiki ovyo. Ukikileta kifaa cha aina hiyo Maringo, Jericho au Mbotela kitawaka, kitaungana na simu, kitakuonyesha ratiba ya wiki nzima, na sukuma wiki yako itakauka vilevile. Maji yetu yana tabia nyingine, na mnunuzi anapaswa kuanza na tabia hiyo kabla ya kutazama bei.

Makadara, iliko mitaa hiyo ya Eastlands, Nairobi, hupata maji kwa mgao. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililoanza kutumika 1994 na lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70 hivi. Jiji limekua likalipita. Siku ambazo si zamu ya mtaa wako, bustani hunywa kutoka kwenye tangi, na tangi lina fizikia yake.

Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa presha ya takriban kilopaskali 10. Tangi ambalo maji yake yako mita 2.5 juu ya bustani litakupa kilopaskali 25, basi. Sasa tazama vali ya kawaida inayouzwa pamoja na vidhibiti hivi, ile ya volti 24. Ndani yake mna kiwambo cha mpira. Koili ya umeme haina nguvu ya kukiinua. Kazi yake ni kufungua kitundu kidogo tu, kisha presha ya maji yenyewe ndiyo inayosukuma kiwambo. Nyingi za vali hizi huhitaji kilopaskali 100 hivi ili zifanye kazi sawasawa. Hiyo ni sawa na kuweka tangi mita 10 juu. Kwa presha ya chini vali inaweza kukataa kufunguka, au ikafunguka halafu ikashindwa kujifunga, na hapo ndipo hasara ilipo: tangi zima la maji ya wiki linaishia mtaroni usiku mmoja.

Tafuta vali ya mota. Mota ndogo huzungusha tufe lenye tundu, na tufe halijali presha ni kubwa au ndogo. Usitosheke na maneno ya muuzaji. Soma kwenye boksi uone presha ya chini kabisa inayokubalika, nayo iwe sufuri. Zipo zinazotumia volti 12, na zipo saa za mfereji za betri zenye tufe la aina hiyo hiyo ndani, ambazo kwa mtu mwenye kitalu kimoja ndizo rahisi kuliko zote. Kuna jambo moja la kuangalia. Stima ikipotea maji yakiwa yanatiririka, vali ya mota hubaki wazi, ilhali ile ya koili hujaribu kujifunga. Kwa hiyo chagua yenye akiba ndogo ya umeme ndani yake, itakayojifunga yenyewe stima ikikatika.

Vinyunyizio vinavyozunguka sahau kabisa. Kwa kilopaskali 25 havitazunguka. Paipu za dripu ndizo zetu, na Kenya ina historia nazo. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ilieneza kwa wakulima wadogo vifaa vya dripu vinavyolishwa na ndoo iliyoinuliwa mita moja tu kutoka ardhini. Mboga ziliota. Chagua matundu ya kawaida, yasiyo na kirekebisha presha, kwa sababu yenye kirekebisha hudai presha tusiyokuwa nayo. Tundu lililoandikwa lita 2 kwa saa limepimwa kwa kilopaskali 100. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo presha ikishuka hadi robo, maji hushuka hadi nusu: lita 1 kwa saa. Mbele ya paipu weka chujio, maana maji ya mgao yanaporudi kwenye mabomba yaliyokauka huja na kutu na mchanga.

Bustani inahitaji maji kiasi gani? Hapa ndipo kuna akili ya kweli katika vifaa hivi, na baadhi ya kazi hiyo ilifanyika karibu nasi. Mwaka 1948 Mwingereza Howard Penman alichapisha mlinganyo wa kukadiria maji yanayopotea hewani kutokana na jua, upepo, joto na unyevu. Watafiti wa Muguga, karibu na Kikuyu, waliutumia kwa miaka mingi, na mwaka 1965 J.S.G. McCulloch akachapisha majedwali ya kuurahisishia Afrika Mashariki hesabu hizo, kabla kompyuta hazijaenea. Programu ya simu inayojisifu kuwa inajua kiu ya bustani yako mara nyingi hutumia mrithi wa mlinganyo huo.

Nairobi, katika Januari na Februari, hesabu hiyo hutoa milimita 4 hadi 5 kwa siku. Julai ya mawingu hupunguza. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kitalu cha mita 2 kwa 3 kinataka basi lita 30 siku ya jua kali, yaani mtungi mmoja na nusu. Ukiwa na matundu 60 ya lita 1 kwa saa, nusu saa inatosha. Watu wa Makadara wanaobeba mitungi wanaijua thamani ya lita 30, na kwa maoni yangu mashine yoyote inayomwaga zaidi ya hapo haistahili kuitwa janja.

Utabiri wa intaneti usiuamini peke yake. Mvua ya Nairobi huchagua mtaa, na inayopimwa Dagoretti huenda isiguse Viwandani. Uliza udongo kwa sensa ya unyevu. Sensa zenye vyuma viwili vilivyo wazi huliwa haraka na umeme unaopita kwenye unyevu. Chukua ya kapasita, isiyogusa maji kwa chuma. Hupima uwezo wa udongo wa kuhifadhi chaji, na maji huupandisha mno: kwa kipimo hicho maji ni 80 hivi, udongo mkavu hauzidi 5 au karibu na hapo. Isome ikiwa kwenye udongo mkavu, kisha kwenye uliolowa, ndipo uamue kiwango cha kuanza kumwagilia. Usinakili namba za mtu wa Kikuyu mwenye udongo mwekundu. Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Ukikauka, maji hupotelea kwenye nyufa, ukilowa, hayapenyi. Gawanya ile nusu saa mara tatu, dakika kumi kumi, ukiupumzisha katikati, alfajiri kabla jua halijachomoza.

Kidhibiti chenyewe ni jambo dogo. Maduka ya Luthuli Avenue huuza vibao vya ESP32 kwa wanaopenda kujiundia, na vilivyokamilika vipo pia. Kihifadhi ratiba ndani yake ili bando likiisha bustani isife kiu. Kiwe na saa yenye betri. Kama kimetoka Marekani, hakikisha adapta yake inakubali volti 240. Nyaya za volti 12 unaweza kuzivuta mwenyewe. Za stima mwachie fundi mwenye leseni, kwa sababu hapo pana maji.

Unganisha kwenye tangi, kamwe si kwenye paipu ya mtaa. Mgao ukikatika, paipu tupu huvuta nyuma, na kilicho kwenye udongo wako kinaweza kuingia kwenye maji ya jirani. Na kama tangi ni la nyumba kadhaa, kubalianeni kwanza. Kisha usitoe paipu ya bustani chini kabisa ya tangi, ilipo ile ya nyumba. Litoboe ubavuni, juu kidogo. Maji yakishuka hadi hapo, bustani hukosa na nyumba hubaki na ya kupikia, hata vali ikikwama wazi usiku kucha.