Bure Si Huru: Zana za Kijana Anayeandika Programu

Vijana wetu wengi huku ughaibuni wanajifunza kuandika programu za kompyuta, na baadhi yao huanza na Linux kwa sababu haina gharama. Mzazi akisikia neno "bure" hufurahi. Lakini bure ziko mbili, na tofauti yake huonekana siku kijana anapoanza kulipwa.

Ya kwanza ni bure ya masharti. Tangu Mei 2025, kwa mfano, CLion ya kampuni ya JetBrains hutolewa bila malipo kwa anayejifunza au anayejiburudisha nayo. Akianza kuitumia kwa kazi ya malipo, anatakiwa kununua leseni. Hapo hakuna hila, maana masharti yameandikwa. Tatizo ni kwamba wachache huyasoma.

Ya pili ni programu huru. GCC, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1987, hugeuza maandishi ya mwandishi wa programu yawe lugha ya mashine. Kijana anaweza kuitumia shuleni na kazini, hata kuuza alichotengeneza nayo, na hakuna wa kumdai.

Hata wakubwa yamewakuta. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, alianza mwaka 2002 kutunza kazi yake kwa BitKeeper, programu ya kampuni iliyotolewa bure kwa sharti kwamba anayeitumia asitengeneze ya kushindana nayo. Mwaka 2005 ukazuka mgogoro, na kampuni ikaiondoa ile ya bure. Aprili hiyo hiyo Torvalds akaanza kuandika Git, iliyo huru kwa wote, na leo ndiyo inayotumiwa na waandishi wa programu duniani kote. Wahenga walisema, cha kuazima hakisitiri maungo.

Basi tufanyeje nyumbani? Laptop ya zamani iliyolala kabatini inatosha kuanzia. Mwekee mtoto Linux Mint au Debian, kisha GCC, Python na Git. Zana za masharti msimkataze, kwani nyingine ni nzuri sana kwa kujifunzia. Ila kabla hajapokea hela ya mteja wa kwanza, akae na mzazi wasome leseni: je, zana hii inaruhusu biashara?

Na ukimpelekea mpwa wako laptop huko nyumbani, mwekee hizo zilizo huru. Hazitamwomba kadi ya benki asiyokuwa nayo, wala hazitamfungia kazi yake eti muda wa majaribio umekwisha.