Je, wajua? Moduleta, kituo cha redio ndani ya gari

Moduleta ni kituo cha redio kinachotosha kiganjani. Huchomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, hutumia umeme wa volti 12 wa gari, hupokea muziki wa simujanja kwa Bluetooth au kwa waya, kisha huurusha upya kwa FM. Redio ya gari huudaka kama inavyodaka kituo kingine chochote. Nguvu yake ni ndogo mno, haifiki mbali, na ndivyo inavyotakiwa: gari la nyuma lina muziki wake.

Kwa gari linalopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, kisha Magamba na Mlola, kifaa hiki kina kazi ya kweli. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, hayapiti ndani ya mlima. Barabara inapojikunja nyuma ya mgongo wa Usambara kituo hukwaruza na kupotea. Kona ya mbele kikarudi. Intaneti ya simu nayo hukatika bondeni. Wimbo uliohifadhiwa kwenye simu haudhuriki, kwa kuwa mtambo unaourusha umo ndani ya gari lenyewe.

Ugumu wake chanzo chake ni Japani. Noah, Hiace na Coaster nyingi za Tanzania zilitumika kwanza huko, nchi ambayo nayo huendesha kushoto. Lakini FM ya Japani ilipangiwa megahezi 76 hadi 90, kwa sababu juu ya hapo palikuwa na chaneli za televisheni. Televisheni ya analojia ilipozimwa, nafasi ikaongezwa hadi 95. Tanzania hutumia 87.5 hadi 108. Redio ya zamani ya Kijapani na moduleta hukutana basi kwenye kipande kifupi tu, kati ya 87.5 na 90. Moduleta ikiwekwa 87.9, redio nayo huwekwa 87.9.

Mafundi hulitatua tatizo la vituo vilivyo juu ya 90 kwa kuunga, kati ya antena na redio, kisanduku kinachoshusha masafa yote yanayoingia, kwa mfano kwa megahezi 20. Kituo cha 104 husikika redio ikisoma 84. Hesabu hiyo huigusa moduleta pia: ikirusha 104, redio iwekwe 84. Hapa ndipo panapohitaji kueleweka vizuri kuliko pote, maana moduleta nzima huweza kutupwa kwa sababu tu mtu hakutoa 20.

Jambo jingine ni ushindani. Redio ya FM ikikuta mawimbi mawili kwenye masafa yale yale huyashika yenye nguvu na kuyaacha dhaifu. Masafa yaliyo matupu Mlola huenda yana mwenyewe Mombo, na muziki wa simu ukamezwa njiani. Dawa ni kuhamia masafa mengine.

Waya wa AUX wa milimita 3.5, redio ikiwa na tundu lake, hutoa sauti safi zaidi, kwani FM hukata sauti nyembamba zilizo juu ya kilohezi 15. Lakini simu ikichajiwa kwa umeme wa gari huku imeungwa kwa waya huo, mluzi huweza kusikika kwenye spika, ukipanda kila injini inapoongeza mizunguko mlimani. Huo ni mluzi wa jenereta ya gari, unaopenya kupitia waya wa ethi, na chaja ikichomolewa hunyamaza.