Parseli ya kilimani na mashine ya kukata majani: tulipima kwanza

Mvua ikianza Kasongo mwezi wa tisa, majani hayangoji mtu. Unafyeka leo, kisha wiki tatu ukipita pale pale magoti hayaonekani. Hayo njo matatizo ya baba mmoja tuliyemtembelea pembeni ya mji, mchimbaji wa dhahabu ambaye kwa miaka mingi anakwenda na kurudi upande wa Salamabila, kule Kabambare. Parseli aliachiwa na marehemu baba yake. Ni karibu hekta moja: nyumba juu, chemchemi chini, na katikati mteremko ambao ukishuka na ndoo tupu unajikuta unakimbia bila kutaka.

Safari hii alirudi na akiba kidogo. Mama wa nyumba alitaka mabati. Kijana wao mkubwa, aliyepata diploma ya Serikali mwaka uliopita, akaleta simu.

Kwenye simu kulikuwa video ya mashine ya kukalia, ile Waamerika wanaita zero-teni, yaani mashine inayogeuka pale pale iliposimama. Mzungu amekaa raha, ameshika fito mbili, mashine inazunguka kama pia, na nyuma yake majani yamelala sawa na zulia.

"Baba, ona vile inageuka. Saa moja, mbili, parseli yote imekwisha. Kisha tunaikodisha kwa mission, kwa hospitali, kwa shule."

Baba akatugeukia sisi. "Ninyi watu wa gazeti munasoma mambo mengi. Hii kitu itapanda mulima wetu?"

Siku ile hatukumjibu. Tulienda kuuliza mafundi, tukasoma vitabu vinavyouzwa pamoja na mashine hizo, kisha tukarudi kwake na ubao wa metre mbili.

Kwanza tueleze inavyofanya kazi. Mashine za aina hii zilianzia Kansas, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mtu anayetajwa sana ni John Regier. Haina usukani. Kila gurudumu la nyuma lina pompi yake ya mafuta inayolizungusha peke yake, mbele au nyuma, na kila fito ni ya gurudumu moja. Sukuma fito zote mbili, inakwenda mbele. Sukuma moja na kuvuta nyingine, inazunguka palepale. Mchimbaji aliyewahi kuona katapila ikigeuka juu ya minyororo yake ameshaelewa. Magurudumu madogo ya mbele hayaongozi kitu, yanafuata tu, kama yale ya kitanda cha hospitali.

Kwenye uwanja tambarare wenye miti mingi hakuna mashine inayoishinda. Yenye kisanduku cha visu cha upana wa metre moja na kidogo inaweza kumaliza nusu hekta kwa saa, hata zaidi kama njia ni safi. Kijana hakudanganywa na video.

Lakini kile kiwanja cha video kilikuwa sawa kama meza.

Mashine hii ikishuka mteremko, uzito unahamia mbele, kwenye yale magurudumu yasiyo na kazi. Ya nyuma yanabaki mepesi. Na ya nyuma njo yanasukuma, njo yanasimamisha, njo yanaongoza. Yakiteleza, umepoteza mwendo, breki na usukani kwa mara moja. Pikipiki ikiteleza nyuma bado umeshika usukani, bado una breki ya mbele. Huku hakuna. Unavuta fito na mashine inaendelea kushuka kama ubao kwenye matope. Ikikutana na shimo au jiwe, inapinduka, na dereva yuko chini ya chuma cha kilo mia tatu au zaidi.

Juu ya hiyo, mashine nyingi za sasa zina upinde wa chuma nyuma ya kiti, na mkanda. Upinde ukiwa umesimama, mkanda unafungwa, bila mjadala: ikipinduka, upinde unalinda nafasi ya mtu na mkanda unamzuia asirushwe chini yake. Mashine kuukuu zinazokuja kwenye kontena mara nyingine upinde umekatwa ili ziingie vizuri au zipite chini ya matawi. Anayeuza atakuambia haina shida. Usimsikilize.

Vitabu vya watengenezaji wengi vinaandika mwisho ni digrii 15. Wengine wanasema 10. Na hiyo ni kwa majani makavu. Hapa kwetu majani yanakua wakati wa mvua, na asubuhi yana umande hata siku isiyo na mvua. Wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na salama, hakuna cha kukata, moto umeshapita. Yaani saa ile unahitaji mashine, njo saa ile ile mlima unateleza.

Digrii unapimaje bila chombo? Chukua ubao wa metre mbili ulionyooka. Weka ncha moja chini kwenye mteremko, ncha ya pili iangalie bondeni. Juu ya ubao laza chupa ya maji isiyojaa, uinue ubao mpaka povu likae katikati. Sasa pima kutoka ncha iliyo hewani mpaka chini. Ukipata sentimetre 35, ni digrii 10. Ukipata 54, ni digrii 15. Zaidi ya hapo, mashine ya kukalia haina ruhusa.

Tulipima na kijana mwenyewe akishika metre. Karibu na nyumba tulipata 30. Katikati, 61. Karibu na chemchemi, 74. Alirudia mara mbili pale katikati, akisogeza ubao huku na huku akitafuta namba nzuri. Haikupatikana.

Baba yeye aliangalia kitu kingine. Alitembea kwenye majani akigonga chini na fimbo, kama vile wachimbaji wanavyofanya mahali wasipopajua. Vichuguu viwili. Kisiki cha muembe. Mawe ya msingi wa nyumba ya zamani. Hapa Kasongo ni hivyo. Kule Kabambare, kwenye vijiji vya dhahabu, ongeza mashimo ya zamani ambayo watu walichimba, wakaacha, na majani yakafunika mdomo. Gurudumu dogo la mbele likiingia pale, safari imekwisha. Na sehemu zilizopitiwa na vita, usipeleke hata upanga kabla ya kuuliza wazee: chuma kilichoachwa na watu wa silaha hakiozi haraka.

Jiwe nalo ni hatari. Ncha ya kisu cha mashine hizi inaweza kukimbia zaidi ya kilometa 300 kwa saa. Jiwe likiguswa na mwendo huo linatoka kama risasi, na watoto wetu wakisikia motere wanakuja kutazama. Kwa hiyo mashine yoyote ya visu, kubwa au ndogo: watoto ndani, na mtu anapita kwanza kuokota mawe.

Sasa pesa. Marekani kwenyewe, zero-teni ndogo ya nyumbani, mpya, inaanzia karibu dola 3 000. Hapo hujalipa meli, forodha, lori mpaka Bukavu au reli mpaka Samba, kisha kuvuka Lualaba. Inakunywa esanse litri 4 mpaka 6 kwa saa. Inataka mikanda ya namba yake, visu vya namba yake, mafuta ya pompi ya aina yake. Tuliuliza mafundi wetu wa pikipiki: motere watafungua, hiyo hawaogopi. Pompi za nyuma hawajawahi kuziona. Mkanda ukikatika, unaagiza na kungoja, na majani yanaendelea.

Motere pia ina yake. Motere nyingi za mashine hizi ni za mapigo manne, kama ya pikipiki, na mafuta yake yanakaa chini kwenye tumbo. Ukiilaza upande muda mrefu, mafuta yanakimbilia kona moja na chuma kinasaga chuma. Wenye motopompi wanalijua: ukiiweka imeinama ukingoni mwa mto, haimalizi msimu. Kila kitabu kinaandika mwisho wa kuinama, na mara nyingine namba hiyo ni ndogo kuliko ile ya kupinduka.

Basi mtu wa kilimani afanye nini?

Kuna mashine za kukalia zenye usukani wa kweli kwenye magurudumu ya mbele, zinatulia kidogo zaidi, lakini nazo zinafuata kipimo cha digrii. Kuna za kusukuma kwa kutembea nyuma yake. Hizo mtu anakata kwa kukingama mlima, kushoto kwenda kulia, asipande na kushuka, ili akiteleza mguu usiende kwenye kisu. Ulaya wana zenye minyororo, za kuongozwa kwa rimoti, kwa kingo za barabara. Tuziache huko kwanza.

Kwa parseli kama hii, sisi tunaona mashine ya kufyeka ya begani inashinda. Ni motere ndogo, fimbo ndefu, kisu au kamba mwishoni. Anayeinama ni mtu, miguu yake inajua mlima. Nyingi ni za mapigo mawili, hazijali kulazwa upande. Bei ni mia chache za dola, inabebwa nyuma ya pikipiki, na fundi anaifahamu upesi. Lakini esanse yake lazima ichanganywe na mafuta ya mapigo mawili: litri 5 kwa mililitri 100 kama chupa ya mafuta imeandika moja kwa 50. Hapa njo nyingi zinafia. Kijana anapita kwa Kadhafi, ananunua esanse ya chupa, anatia oili ile ile ya pikipiki au hatii kabisa, na baada ya siku mbili motere imekwama. Chuja esanse kwa kitambaa, pima mafuta kwa kizibo unachokijua, fanya mchanganyiko wa wiki moja tu. Vaa miwani, bottes na suruali nzito.

Mama alikuwa amesikiliza yote akichambua sombe. Akauliza: "Na nyoka? Na mbu? Sisi tunakata majani juu ya hivyo."

Kwa nyoka ana haki. Majani mafupi kuzunguka nyumba, hatua kumi na tano hivi, yanamwonyesha kabla hujamkanyaga. Kwa mbu, pole mama: yule wa malaria anazaa kwenye maji yaliyosimama. Mashimo ya machimbo yaliyojaa mvua yanamfaa kuliko majani. Ukitaka kumpunguza, fukia mashimo na ulale ndani ya chandarua.

Tena kuna jambo ambalo mchimbaji hahitaji kufundishwa. Yeye anaosha udongo kwa maji kila siku, anajua maji kidogo kwenye mteremko yanabeba nini. Parseli ya kilimani iliyofagiwa mpaka ardhi nyekundu inafanya kazi ile ile, ila hapa inayooshwa ni parseli yako. Kwa hiyo pale katikati, penye 61, hatukushauri kukata mpaka chini. Acha majani ya kimo cha mkono. Chini, penye 74, panda vetiver kwa mistari ya kukingama. Mizizi yake inashuka metre mbili, tatu, na mistari inashika udongo.

Kijana hakufurahi. "Kwa hiyo tubaki na upanga?"

"Upanga ulikulipia minervali," baba akasema, na wote wawili wakacheka, kijana kwa shida.

Walipatana hivi. Baba na mdogo wake wataunga pesa, mashine moja ya begani kwa parseli mbili, na kijana njo fundi wake. Kukodisha atakodisha, lakini sehemu zilizopimwa tu. Ubao na chupa vinabaki kwake. Sehemu ya juu, ile ya 30, mbuzi wanne wa bibi watafungwa kwa kamba ndefu na kuhamishwa kila asubuhi.

Pesa iliyobaki ilirudi mezani. Tulipoaga, baba alikuwa anafunga mzigo wa kurudi Kabambare, na mama alikuwa anahesabu mabati kwa vidole, chumba cha watoto kwanza.