Mwanagenzi Si Kibarua wa Bure

KUNA neno ambalo vijana wetu, kuanzia Makina na Laini Saba kule Kibera hadi Gatina na Kongo hapa Kawangware, hulisikia mara tu wanapomaliza kidato cha nne na kukosa karo ya chuo. Neno lenyewe ni "kujitolea". Kijana huambiwa kwamba iko jumuiya fulani ya mashambani, watu walioamua kwa hiari yao kuishi pamoja, kulima pamoja na kula chungu kimoja. Akienda kukaa nao miezi kadhaa atapata chakula, malazi na ujuzi, naye atoe nguvu zake. Wazazi hufurahi, nauli ikachangwa, mkoba ukafungwa. Swali ninalotaka tulitafakari leo, msomaji mpendwa, ni hili: je, kijana huyo ameenda kufunzwa, au ameenda kutumikishwa?

Siulizi hivyo kwa kuzichukia jumuiya hizo. Mimi mwenyewe niliwahi kuishi katika mojawapo kwa miezi 6 nikiwa mwanagenzi, mbali na jiji la Nairobi. Tulikuwa watu wapatao 30, wazee kwa vijana. Tulirauka alfajiri kukama ng'ombe, na jua lilipochomoza lilitukuta bustanini. Hapo nilifunzwa kutifua ardhi mara mbili, yaani kulegeza udongo hadi kina cha sentimita 60 ili mizizi ishuke chini badala ya kutambaa juu. Nilifunzwa kupanga mboji kwa matabaka ya majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, na kuitunza isikauke wala kulowa. Elimu ya aina hii si ngeni nchini. Kituo cha Kilimo cha Manor House karibu na Kitale kilianzishwa 1984 kwa azma ya kuifunza, na vijana huishi pale pale wanapojifunza.

Lakini somo kubwa kuliko yote halikutoka bustanini. Kila Ijumaa jioni jumuiya ile ilifanya mkutano. Humo ndimo mlimoamuliwa kama maziwa yauzwe kwa nani, kama fedha zinunue ng'ombe wa pili au zitengeneze tangi la maji, na nani amekosana na nani. Sisi wanagenzi, katika miezi ya kwanza, tulikuwa tukiosha masufuria wakati huo. Ndipo mama mmoja mzee, mwanajumuiya wa tangu mwanzo, aliposimama na kusema kwamba wanaolichimba shamba sharti waketi mahali shamba linapojadiliwa. Tangu siku hiyo nilianza kujua bei ya maziwa, deni la dawa za mifugo, na jinsi watu wawili wanavyoweza kupingana vikali usiku na bado wakashika jembe pamoja asubuhi. Kuchimba ningeweza kufunzwa na nyanya yangu. Hayo mengine nisingeyapata kwingineko.

Historia ya Afrika Mashariki inao ushahidi wa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa chama cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa katika sehemu za Songea, kusini mwa Tanganyika. Kutokana na kijiji hicho kilizuka Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambacho hatimaye kilikusanya vijiji takriban 17. Wanakijiji walilima pamoja, wakawa na kinu chao cha kusaga nafaka mjini Songea, na mambo yao wakayaamua wenyewe mikutanoni. Litowa kulikuwa na shule ambamo watoto walishika kalamu na jembe, na maisha ya kijiji yakawa sehemu ya masomo yao. Mwalimu Nyerere alivutiwa na juhudi hizo, na mwaka wa 1967 alitoa maandishi yake kuhusu Elimu ya Kujitegemea na Ujamaa Vijijini.

Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Katika miaka ya 1970 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijijini, wengi wao kwa nguvu. Jembe lilikuwa lile lile na ardhi ilikuwa ile ile, lakini uamuzi ulikuwa umetoka mikononi mwa wakulima. Vijiji vikapatikana, hiari ikapotea, na mazao ya wengi yakadidimia. Tofauti ya Litowa na kijiji cha amri ndiyo tofauti ya mwanagenzi na kibarua.

Tuwatazame pia mafundi wetu. Katika gereji za jua kali za hapa Kawangware, kijana anayejifunza ufundi wa magari huanza kwa kufagia na kumpokeza fundi spana. Hakuna anayelalamika, maana wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini fundi mwema, siku ikifika, humwachia kijana injini nzima na kusimama kando, mikono nyuma. Fundi mbaya humwacha afagie mwaka mzima. Mtaa mzima humjua fundi huyo, na wazazi humwepuka. Huko mashambani hakuna jirani wa kumnong'onezea mama wa Kibera kwamba jumuiya ile mwanawe aiendeayo hufagiza tu.

Aidha, sheria yenyewe inambagua kijana huyu. Mwanagenzi wa kiwandani anatambuliwa na Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, inayodai mkataba wa maandishi. Yule aendaye kwa jina la kujitolea mara nyingi huondoka bila hata kipande cha karatasi.

Najua watakaonijibu kwamba jumuiya hizi ni maskini, na kwamba mgeni asiyejua kushika jembe hula zaidi ya anachozalisha. Ni kweli, na mwezi wa kwanza mzigo ni wao. Lakini na tuuangalie upande wa pili wa mizani. Mwaka wa 1971 kulianzishwa Uingereza mpango wa watu wa mjini kufanya kazi katika mashamba ya kilimo hai kwa malipo ya chakula na malazi, na mpango huo ukaenea duniani. Mtu mwenye mshahara anayetumia likizo yake hivyo hapotezi kitu. Kijana wa Gatwekera anayeacha kazi ya mjengo kwa miezi 6 ameiondolea nyumba yao unga wa jioni. Yeye ndiye anayelipa karo, tena karo nzito, ingawa hakuna anayemwandikia risiti.

Karo hiyo yaweza kuzaa matunda. Kibera tunayoiona imejaa mabati ilikuwa msitu, na ndiyo maana ya jina Kibra kwa Kinubi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kilimo cha magunia kilienea humo, na kina mama wakapanda sukumawiki milangoni mwao. Kijana anayerudi akijua mboji, hesabu na namna ya kuendesha mkutano anao mahali pa kuanzia, na chama cha majirani kitamhitaji.

Kwa hivyo, kabla ya kuchanga nauli, mzazi na aulize mambo matatu. Kwanza, nani hasa atamfunza mwanangu, na atamfunza nini kila mwezi? Pili, ataketi katika mkutano na kuonyeshwa daftari la hesabu? Tatu, akitaka kurudi kabla ya wakati, nauli yake itatoka wapi? Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi, na nakala moja ibaki Kibera au Kawangware. Jumuiya iliyojengwa kwa hiari haina sababu ya kuyakimbia maswali haya. Ikiyakimbia, mzazi na aufungue ule mkoba, autoe blanketi, na ampeleke mwanawe kwa fundi anayejulikana mtaani.