Oili Isiyokoma Kuvuja: Lipia Uchunguzi Kabla ya Gasketi

Wenye magari wengi wa Tanga wana kilio kimoja. Gasketi imebadilishwa, sili imebadilishwa, fundi amelipwa, na baada ya wiki mbili doa jeusi limerudi pale pale chini ya injini. Hapo lawama huanza. Mwenye gari anamwita fundi tapeli, fundi anasema spea ilikuwa feki, na muuza spea anasema fundi hakujua kufunga. Kwa uzoefu wangu wa kukagua injini, mara nyingi chanzo cha uvujaji hakijaguswa na yeyote kati yao. Uchunguzi haukufanyika, na haukufanyika kwa sababu hakuna aliyeulipia.

Tazama namna kazi yenyewe inavyoanza. Mteja anafika gereji na kusema, "Fundi, hebu niangalizie hii oili inatokea wapi." Kuangalizia kwetu ni bure. Fundi analala chini ya gari kwa dakika chache, anaona tone linaning'inia, anataja kipuri kilicho karibu na tone hilo. Ujira wake unaanza pale anapoanza kufungua, basi atafungua. Huyu si lazima awe mwizi. Utaratibu tuliouzoea ndio unaomlipa kwa kubadilisha vitu na kumnyima malipo ya kufikiri.

Tone halianguki lilipozaliwa

Oili hushuka kwa uzito wake, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tone unaloliona chini ya gia boksi huenda limeanza safari juu kabisa ya injini, likateremka kwenye ukuta wake, likapinda kwenye kingo mbili tatu, ndipo likadondoka. Kanuni ya kazi hii ni fupi: tafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa yenye unyevu. Hapo ndipo pa kushuku.

Ukianzia juu kwenda chini, washukiwa ni wale wale kwenye injini nyingi tunazoendesha: gasketi ya kava ya tapeti, sili za kamshafti, swichi ya presha ya oili, kava ya taiming, filta ya oili, sili ya krenki ya mbele na ya nyuma, sampu, na nati ya kumwagia oili. Filta nayo ina mtego wake: ukifungua ya zamani, pete yake ya mpira inaweza kubaki imeganda kwenye injini. Filta mpya ikifungwa juu ya pete hiyo, oili inaweza kumwagika kwa wingi muda mfupi baada ya sevisi.

Nitoe mfano wa karibu. Mfanyabiashara mmoja wa machungwa wa Muheza alikuwa na Toyota RAV4 ya toleo la kwanza, yenye injini ya 3S-FE. Oili ilikuwa ikidondoka pale injini inapoungana na gia boksi. Aliambiwa ni sili ya nyuma ya krenki. Kuifikia sili hiyo lazima gia boksi ishushwe, na ufundi wake si wa bei ndogo. Ikashushwa, sili ikabadilishwa, oili ikaendelea kudondoka. Ikashushwa tena, ikawekwa sili nyingine, na uvujaji haukupungua. Injini ilipooshwa na kukaushwa ndipo mambo yakaonekana. Kwenye injini hii distribyuta imefungwa ubavuni mwa silinda hedi, upande wa gia boksi, na ndani yake kuna oringi, pete ndogo ya mpira. Kwa miaka mingi ya joto mpira huo ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama plastiki. Oili ilipita hapo, ikateremka nyuma ya injini, ikatokea chini ikionekana kama inatoka kwenye krenki. Oringi iliwekwa mpya bila kugusa gia boksi, na uvujaji ukakoma.

Namna ya kutafuta

Kwanza injini ioshwe ikiwa imepoa, kwa sabuni ya kuondoa grisi, huku altaneta, distribyuta na viungio vya umeme vikiwa vimefunikwa kwa nailoni. Usikubali ioshwe kwa petroli. Cheche moja ya betri inatosha kuteketeza gari na gereji. Ikishakauka, nyunyiza poda ya kawaida ya mwilini kwenye maeneo yanayoshukiwa, kisha endesha. Safari ya kwenda Amboni na kurudi mjini inatosha kuipasha injini. Ukifungua boneti, oili mpya itakuwa imechora mstari wake kwenye weupe wa poda, nawe utaufuata hadi unapoanzia. Zipo pia rangi maalumu zinazochanganywa na oili na kung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Gereji yenye vifaa hivyo hupata jibu haraka zaidi.

Usiku tandika boksi la karatasi chini ya injini. Asubuhi soma rangi: hudhurungi au nyeusi ni oili ya injini, nyekundu kwa kawaida ni mafuta ya gia boksi ya otomatiki au ya stelingi, kijani au pinki yenye majimaji ni kulanti. Maji safi yasiyo na rangi ni ya kiyoyozi, na kwa unyevu wa hewa ya pwani yetu hutoka mengi. Hayo hayahitaji fundi.

Injini ikikosa pumzi

Kuna gari ambalo kila gasketi mpya inashindwa kukaa. Hapo acha kulaumu gasketi, pima presha ya ndani. Pistoni zinapofanya kazi, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kuingia sehemu ya chini ya injini. Gesi hiyo hutolewa kupitia vali ndogo ya kupumulia, ambayo mafundi huiita PCV. Ikiziba kwa masizi, presha hupanda na oili hutafuta upenyo wowote dhaifu wa kutokea. Kwenye injini nyingi za petroli vali hii hufunguka kirahisi: itoe, itikise. Ikiwa nzima husikika ikigongagonga ndani. Ikiwa kimya, imeganda. Ni kipuri cha bei ndogo, na mara kwa mara kimewaponza watu wakafungua injini nzima.

Vali ikiwa nzima lakini kifuniko cha kujazia oili kinapumua moshi kwa nguvu injini inapounguruma, huenda ringi zimechoka. Hiyo huonekana sana kwenye Hiace za dizeli zilizofanya kazi kwa miaka mingi. Dalili huzidi kwenye mlima wa Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 za kupanda, ambako injini inabeba mzigo mkubwa muda wote. Gari la namna hiyo haliponi kwa sili mpya. Mwenye gari aelezwe ukweli, aamue kufanya ovahoo au kuendelea kuongeza oili huku akijipanga.

Chumvi ya pwani nayo ina mkono wake. Magari yanayobeba samaki kutoka Kigombe na Pangani hudondoshewa maji ya barafu na chumvi kwenye chasisi, na sampu ya bati huliwa na kutu hadi ikatoboka matundu membamba kama ya sindano. Kubandika gundi juu ya kutu ni kupoteza fedha. Sampu itolewe, ichomelewe au ibadilishwe.

Kufunga ndiko kunakoharibu

Gasketi nzuri ikifungwa vibaya itavuja. Mabaki ya gasketi ya zamani yaondolewe yote, na uso wa chuma upanguswe hadi ukauke, kwa sababu mpira na silikoni havishiki kwenye oili. Boliti za kava ya tapeti ni ndogo. Kwenye Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE zinahitaji mkazo wa takriban nyutoni-mita 10 tu, nguvu ya kiganja. Fundi akizikaza kwa hasira, kava hupinda na gasketi hupondeka.

Silikoni nayo hutumika kupita kiasi. Ile unayoiona imefurika nje, imefurika na ndani vilevile. Vipande vyake vikikatika huenda kuziba chujio la pampu ya oili, na injini inakufa kwa kukosa oili ilhali sampu imejaa. Uzi mwembamba unatosha, na muda wa kukauka ulioandikwa kwenye mrija uheshimiwe kabla ya kumimina oili. Kama mteja unamsukuma fundi akukabidhi gari mchana ule ule, basi sehemu ya kosa ni yako.

Kwa upande wa sili, mdomo wake upakwe oili kabla ya kuingizwa, na isigongwe upande upande. Fundi apitishe ukucha kwenye shafti: sili ya zamani ikiwa imechimba mfereji, mpya itakaa kwenye mfereji ule ule na kuvuja. Dawa yake ni kuisogeza kidogo ikae kwenye chuma kisicholika, au kuivalisha shafti bushi nyembamba.

Kuhama kutoka oili nyepesi kwenda nzito ili kupunguza kuvuja ni kuficha ugonjwa. Injini kama ya IST imetengenezwa kwa oili nyepesi ya 5W-30, na mfumo wake wa kupanga muda wa vali, VVT-i, unaendeshwa kwa mtiririko wa oili hiyo. Ukimimina 20W-50, huenda matone yakapungua, lakini oili inachelewa kufika juu kila unapowasha asubuhi. Dawa za chupa za kulainisha mpira huweza kusaidia sili iliyoanza kukakamaa. Mpira uliopasuka hauponi.

Lini uharakishe, lini usubiri

Unyevu mwembamba usiodondoka unaweza kusubiri sevisi ijayo. Tone nalo lipigiwe hesabu. Tone moja kila sekunde 10 ni takriban mililita 18 kwa saa. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, ukifikisha kilomita 5,000 umepoteza kama lita 1.5, na injini ya IST hubeba chini ya lita 4. Kwa hiyo pima kijiti cha oili kila wiki, gari likiwa mahali tambarare. Usisubiri taa nyekundu. Taa hiyo hueleza presha, na ikiwaka ukiwa njiani, zima injini papo hapo, hata kama Segera unaiona kwa macho.

Uvujaji unaogusa bomba la moto la ekzosi ni hatari ya moto. Unaolowesha belti ya taiming, klachi au altaneta nao usingoje mwisho wa mwezi.

Makubaliano na gereji

Gereji zetu nyingi ni zile tunazoziita bubu: uwanja, mti wa kivuli, jeki na sanduku la spana. Humo wamo mafundi hodari waliofundishwa na mikono ya wakubwa wao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa namna hii na kuwapa vyeti. Muulize fundi wako kama amepitia, na kama bado, mhimize.

Kisha mkubaliane mambo haya kabla boneti haijafunguliwa. Kwanza, ada ya uchunguzi, inayolipwa hata kama hakuna kitakachobadilishwa. Pili, fundi akuonyeshe chanzo kwa macho au kwa picha ya simu kabla ya kufungua. Tatu, nani ananunua spea: ukinunua wewe na ikawa feki, usimdai fundi, akinunua yeye, akupe risiti, na spea itafutwe kwa namba ya chasisi. Nne, kipuri cha zamani urudishiwe mkononi. Tano, ufundi uwe na dhamana ya muda au kilomita mlizotaja, ili oili ikirudi mahali pale pale arudie kazi bila malipo ya ufundi.

Andikeni hayo, hata kwa ujumbe wa simu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo, lakini kuyathibitisha mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ni shughuli. Mali bila daftari huisha bila habari. Mkitofautiana, mwiteni fundi wa tatu mnayemheshimu wote akague gari likiwa bado pale gereji. Ukilihamisha na mwingine akafungua, ushahidi umepotea.

Jambo la mwisho ni oili chafu. Isimwagwe kwenye mtaro, kwa maana mvua za masika huisukuma hadi mikokoni na baharini, na bahari ya Tanga ina hifadhi iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki adimu duniani. Kusanya oili hiyo kwenye dumu na uikabidhi kwa wanaoikusanya.

Fundi anayekwambia, "Niachie gari kesho kutwa nitafute kwanza," usimwone mzembe. Mwulize ada yake, mlipe, na umpe muda. Ndiye atakayekuokolea gharama ya kushusha gia boksi bila sababu.